Mashimo Tisa ya Baba

Mtungi wa maji nyumbani kwa Mama unafunikwa na kisahani cha plastiki cha rangi ya machungwa, kimetafunwa ukingoni na mbwa ambaye naye alishakufa zamani. Wageni waliokuja kwenye matanga ya Baba walikuwa wanakiinua, wanachota maji, wanakirudisha, na hakuna aliyeuliza kimetoka wapi. Mimi nilikiinua mara moja tu. Nikanusa ile harufu ya mukene, wale dagaa wakavu, ambayo haitatoka kwenye plastiki ile hata ukiichemsha, nikalazimika kutoka nje. Mama aliniona. Alisogeza kuni motoni akaniacha nilie hadi nichoke mwenyewe.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku Masaba, karibu na mpaka, na hata ninyi wa Merikit msijifanye hamjui, mnaikumbuka ile miezi ya kati ya kupanda na kuvuna, na mnakumbuka wanaume walikuwa wanakwenda wapi. Walikwenda kwenye dhahabu. Hatukusema mgodi, hilo lilikuwa neno la watangazaji wa redio. Sisi tulisema shimo. Ukimuuliza mtoto, "Baba yako yuko wapi?" alijibu, "Ameingia," na hakuna aliyeuliza ameingia wapi. Mtu alishuka asubuhi kwa kamba, jioni akapanda akiwa mwekundu kuanzia nyusi mpaka kucha, na aliyebaki juu kazi yake ilikuwa kuvuta.

Baba na mdogo wake, Baba Mdogo Owora, walikuwa wanaingia kwa zamu. Siku moja baada ya mvua kubwa zamu ya kushuka ilikuwa ya Baba Mdogo, na ya kamba ilikuwa ya Baba. Kuta zikashuka. Walimtoa jioni, wakamleta kwetu amefungwa kwenye turubai la buluu, na ninachokumbuka mimi si uso wake, maana watoto hatukuonyeshwa. Nakumbuka harufu. Ule udongo wa chini kabisa, ambao haujawahi kuona jua, una harufu yake, baridi na chachu, na nyumba yetu ilinuka hivyo hata baada ya Mama kupaka sakafu upya kwa samadi.

Baada ya mazishi Mama alipiga marufuku neno. Nasema neno lenyewe, shimo. Choo chetu kikaitwa "kule nyuma." Nguo ikitoboka, "imefunguka." Shuleni tuliambiwa tuchore shimo la panya, mimi nikachora panya amekaa juu ya kichuguu, nikapigwa kwa ukaidi na bado sikulisema. Mnaweza kucheka, lakini Mama ni Msamia wa sokoni Busia. Samaki wale wale akiwauza upande huu anawaita mukene, akivuka geti la mpaka anawaita omena, na hajawahi kukosea hata siku moja. Mtu kama huyo anajua neno lina kazi gani.

Baba naye aliapa mbele ya kanisa kwamba hataingia tena. Akalitundika karai lake la kuoshea dhahabu kwenye msumari ukutani, akashika jembe. Lakini shamba letu lilikuwa dogo, na ile miezi mibaya ilirudi kama kawaida yake. Nikaanza kumwona anakaa baada ya chakula, kama tulipata chakula, anaangalia karai. Mama naye anamwangalia anavyoliangalia. Mtoto hawezi kueleza mambo hayo, ila anayajua.

Siku moja jioni nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu nyuma ya jiko, nikamsikia Baba anaongea na mtu kwenye ua. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Okoth, aliyekuwa anafundisha michezo pale shuleni kwetu.

"Mashimo tisa," Mwalimu alisema. "Minyororo imefika tayari."

"Nachimba mimi mwenyewe," Baba akajibu. "Yote. Wakija kukagua wakikubali, mimi naingia moja kwa moja, sivyo?"

"Unaingia. Umemwambia mama watoto?"

"Bado. Wacha kwanza. Hilo neno likifika nyumbani kwangu kutakuwa vita."

Sufuria ilinitoka mikononi. Mashimo tisa! Owora alikufa kwenye moja.

Kuanzia hapo Baba alikuwa anaondoka alfajiri na jembe na mtaimbo, na jioni anarudi na udongo mwekundu hadi magotini. Alikuwa mchangamfu, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alipiga mluzi. Alinibeba begani, nikabana pua, maana ile harufu ilikuwa shingoni kwake, ile ile ya kwenye turubai. Siku moja alileta gunia, akaliweka chini ya kitanda, na alipotoka nikachungulia. Ndani mlikuwa na vitu vya mviringo, vipana, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Makarai! Mapya, madogo, ya rangi rangi. Nikarudisha gunia kama nilivyolikuta, nikaenda kukaa kwenye mihogo.

Sikuweza kunyamaza. Mama aliporudi kutoka Busia siku ya soko, kabla hajashusha mzigo kichwani, nilimshika leso.

"Mama, Baba ameingia."

"Ameingia wapi?"

"Ameingia, Mama. Kwenye lile neno. Yako tisa."

Hakupiga kelele. Alishusha gunia la mukene pale pale uani mbele ya kuku, jambo ambalo hakuwahi kufanya tangu nimjue, akaniuliza ni upande gani anakwendaga asubuhi. Nikaonyesha kiwanja cha gombolola, serikali yetu ya tarafa, kule ng'ombe wa kijiji walikokuwa wanalishwa. Mama akaanza kutembea. Kisha akakimbia. Sandali moja ilibaki njiani, sikusimama kuiokota.

Tulimkuta Baba amesimama ndani ya shimo. Nayasema niliyoyaona: lilimfika magotini tu, lakini mimi niliona mtu nusu. Karibu yake nguzo ya chuma ilikuwa imesimamishwa kwenye nyasi, juu yake kikapu cha waya, na juu ya kikapu minyororo inaning'inia pande zote. Mwalimu Okoth alikuwa anakoroga saruji.

"Toka!" Mama alimkamata Baba shati, akavuta hadi vifungo vikaruka. "Toka humo, Mungu wangu, toka!"

"Mama Athieno, ngoja. Hii si ile. Hii ni mchezo."

"Mchezo? Owora alikuwa nacheza?"

Mwalimu aliacha sepetu akaja mikono juu, kama mtu aliyekutana na ng'ombe mwenye ndama. Akaeleza. Unasimama kule, unarusha kisahani, kimoja cha vile nilivyodhani ni makarai, kinapaa. Kinapoangukia unakwenda hapo hapo, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo hii na kuanguka ndani ya kikapu. Kisha unahamia kikapu kingine. Atakayemaliza vyote kwa mirusho michache ndiye mshindi. Watu wa gombolola walikuwa wamekubali kiwanja kiwe cha kila mtu, bila kiingilio.

"Na shimo liko wapi?" Mama aliuliza, na nilishtuka kulisikia mdomoni mwake. Alitema mate chini mara ile ile, na tangu hapo hakulisema tena kwa miaka mingi.

"Ndiyo hiki, mama. Kikapu. Wenye mchezo wao ndivyo wanavyokiita."

"Hiyo iko juu."

"Ndiyo, iko juu."

"Sasa mnaita kitu iko juu namna hiyo? Banange, nyinyi watu mmesoma mpaka imewaharibu."

Mwalimu alicheka. Baba hakucheka. Alitoka, akakaa kwenye nyasi, akamwambia Mama ukweli wote, na mimi nikiwa pale pale nimeshika nguzo. Wanaume wa dhahabu walikuwa wanafungua shimo jipya kando ya mto Jumatatu, na walimwekea nafasi. Si ya kamba, ya kushuka. Gombolola nalo lilitaka mtu wa kutunza kiwanja kwa mshahara, na lilimchagua yeye, lakini kwanza Jumamosi angekuja mkaguzi kucheza na kuona kama uwanja unafaa kwa watu wote. Akiukataa, ng'ombe wanarudishiwa nyasi zao na vikapu vinang'olewa.

"Akikataa, na wewe?" Mama akauliza.

"Narudi."

"Unarudi wapi?"

"Unajua ni wapi."

Basi tukawa tunaingoja Jumamosi. Mama alifunga. Mimi nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwambia mtu. Wakubwa walisema hakuna mashimo, ni vikapu tu. Lakini mimi nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu yakichimbwa, halafu nikaona Baba anayafunika, anashindilia kwa miguu. Shimo lililo wazi unaweza kulikwepa. Lile lililofunikwa ndilo lililomchukua Baba Mdogo. Niliamini kabisa kwamba chini ya kila kikapu pana kitu kinangoja, na minyororo ile ni ya kumvutia mtu chini.

Mkaguzi alitoka upande wa Kenya, mwanamke mrefu mwenye kofia, Madamu Nekesa, mgongoni mfuko uliojaa visahani. Alitusalimia, akakataa chai, akasema, "Twende kazi. Nitacheza kwanza, maneno baadaye." Nusu ya kijiji tulimfuata. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani, na Mama alikuwa ameshona vifungo vipya ambavyo havikufanana.

Niseme haki, alikuwa anajua kurusha. Alijipinda kiuno, mkono ukafunguka, kisahani kikaondoka chini chini juu ya nyasi, kikapanda, kisha mwishoni kikakata kushoto chenyewe na kushuka kando ya kikapu. Watu walipiga vigelegele. Kikapu cha tatu Baba alikuwa amekisimamisha juu ya kichuguu, na Madamu alipokiona alicheka, akasema, "Hii ni kali! Huko kwingine hawana." Nikaona mabega ya Baba yanashuka kidogo. Nikamwangalia Mama. Midomo yake ilikuwa inasali.

Kwenye kikapu cha tano mambo yakaharibika. Kilikuwa karibu na barabara, na kisahani cha Madamu kilichukuliwa na upepo, kikapita mbele ya pikipiki iliyobeba abiria na kuku. Boda boda akayumba, kuku wakaruka, abiria akatutukana kwa Kiteso na kwa Kiswahili ili tusikose kuelewa. Madamu hakucheka tena. "Hapa mtu atakufa," alisema. Neno hilo lilipita katikati yetu sote. Baba alitaka kusema kitu, Mwalimu Okoth akamgusa kiwiko anyamaze.

Cha saba kilikuwa ng'ambo ya bwawa la mafunjo. Madamu alirusha kisahani chake kizuri kuliko vyote, kile cha rangi ya machungwa, kikaenda vizuri, kikasita, kikazama kwenye mafunjo. Na Baba, jamani, Baba na shati lake la kanisani, alishuka ndani ya bwawa. Matope yakamfika kiunoni, kisha kifuani. Mafunjo yakamfunika. Mama alinishika bega kwa nguvu, alama za kucha zilikaa kesho yake yote. Hatukumwona, tulisikia matope tu yakinyonya miguu yake. Kisha mkono ukatokea juu ya mafunjo, umeshika kisahani.

Alipanda ukingoni akiwa mweusi wote, meno tu ndiyo meupe. Alidhani amefanya jambo zuri.

"Mzee," Madamu alisema polepole, "ungeumwa na nyoka kwa sababu ya plastiki. Ndiyo maana shimo hili ni baya. Mgeni akipoteza kitu chake hapa, mara moja tu, harudi."

Tukafika kikapu cha tisa. Kilikuwa rahisi, uwanja wazi, kikapu kinaonekana. Madamu alikitazama muda mrefu, akakunja mikono.

"Mimi nacheza kila wiki. Mimi si kipimo," alisema. "Uwanja wa umma, hata mtoto aweze kuumaliza. Kama mtoto hawezi, mmejijengea wenyewe." Akageuka, na macho yake yakaniangukia mimi. "Wewe msichana. Unaitwa nani? Athieno? Mtoto wa mzee huyu? Njoo, Athieno. Umewahi kurusha hii?"

Nikatikisa kichwa. Akanionyesha namna ya kushika, kidole gumba juu, vingine chini ya ukingo, akanisogeza hadi mahali ambapo hata kipofu angepata. Kisahani kile cha machungwa kilikuwa bado kinanuka matope ya bwawa. Kisha akainama, kwa mara ya kwanza akanitabasamia, akasema ili kunitia moyo:

"Usiogope. Ikiingia tu, na baba yako ameingia."

Hakujua, maskini. Alitoka mbali. Mimi nilisikia nilichosikia.

Nilikirusha kando, kwenye nyasi, makusudi kabisa. Watu wakasema, "Aaah." Madamu akaniletea, akasema, "Bado, jaribu tena." Nikakirusha nyuma ya kikapu. Nikasikia Mwalimu Okoth anavuta pumzi. Mara ya tatu nilikiangusha miguuni kwangu, na Madamu alinyooka, akatazama saa yake. "Labda mtoto ni mdogo," alimwambia Mwalimu, lakini sauti yake ilikuwa imeshaamua.

Baba alikuja. Akachuchumaa mbele yangu, matope yanamkauka usoni.

"Athieno. Wewe narusha mawe kwa embe kila siku, hukosi. Kwa nini natupa kando?"

Nikalia hapo hapo, mbele ya watu wote. "Sitaki uingie."

Mama alijifunika uso kwa leso. Baba alinitazama, nami nikaona kitu kinapita machoni kwake ambacho kwa umri wangu sikukielewa. Leo nina watoto, nakielewa. Kwa mara ya kwanza alijua kwamba miezi yote ile sisi nasi tulikuwa tumeshika kamba.

Alinishika mkono, akanipeleka hadi chini ya kikapu. Nilikuwa navuta nyuma, alinibeba. Akaniweka juu ya ule udongo alioushindilia.

"Kanyaga," alisema.

Nikagusa kwa kidole cha mguu.

"Hapana. Kanyaga kwa nguvu. Hii hapa, nimejaza mawe na saruji mpaka juu. Hakuna mtu chini. Hakuna mtu nakwenda chini."

Akaruka. Mtu mzima, mwenye matope, anaruka kama kichaa mbele ya mgeni, na nguzo inatikisika, na minyororo inalia chal, chal, chal. Nikaruka naye. Ardhi ilibaki pale pale. Tuliruka hadi nikaanza kucheka na makamasi yangu, na watoto wengine wakaja wakaruka, na nikasikia Madamu Nekesa anamuuliza Mwalimu kwa sauti ndogo, "Kwani kulitokea nini hapa?" na Mwalimu akimwambia.

Nilirudi pa kurushia. Nikarusha. Kisahani kiliyumba, hakikuwa kizuri hata kidogo, kiligonga minyororo upande, kikafikiria, kikaanguka ndani ya kikapu. Ule mlio bado ninao. Geti lenye mnyororo likifunguliwa popote pale, hata mjini Tororo mbele ya benki, mimi nageuka.

Madamu alivua kofia, akajifuta jasho, na macho pia, mimi nilimwona. "Cha tano geuzeni kielekee upande wa kichuguu, mbali na barabara. Cha saba kitoeni bwawani kabisa, sitaki kukiona hapo. Wekeni benchi kwenye kivuli, watu wana miguu." Akamgeukia Baba. "Mengine yako sawa, mzee. Tena yako poa sana. Waacheni watu wacheze. Na hiki kisahani ni cha Athieno."

Jumatatu wanaume wa dhahabu walipita nyumbani kumwita. Baba alikuwa ameshaondoka na jembe, kwenda kuhamisha kikapu cha saba. Mama ndiye aliyewatokea. Aliwaambia hayuko, hatakuwako, na wasipite tena kwa njia ile. Karai alilitoa ukutani siku hiyo hiyo akaanza kuanikia mukene. Kisahani changu nacho hakikukaa changu muda mrefu. Alikiona kinafaa kupimia, baadaye kikafaa kufunika mtungi.

Baba alikitunza kiwanja hadi nywele zikawa nyeupe. Alifyeka nyasi, alifukuza mbuzi, aligombana na vijana wa boda boda waliokuja kurusha jioni na kuacha maganda ya miwa chini ya benchi lake. Mwenyewe hakuwahi kuujua mchezo vizuri, alirusha ovyo, lakini alipenda kusimama karibu na vikapu akisikiliza minyororo. Mwaka huu alilala kitandani kwake, akaugua kidogo, akafa mchana, Mama amemshika mkono.

Tulimpeleka Nagongera kwa baba zake. Vijana wa ukoo walikuwa wanachimba, na mmoja, mpole, alimjia Mama pale alipoketi na wanawake kwenye jamvi, akamuuliza kama wachimbe zaidi au panatosha. Nilishtuka, nikataka kumzuia asimsumbue. Mama akasimama. Akatembea na fimbo yake hadi ukingoni, akachungulia ndani. Harufu ya udongo wa chini ilikuwa inapanda, ile ile.

"Ongezeni kidogo, mwanangu," alisema. "Chimbeni shimo nzuri. Hii anaingia akiwa amekufa tayari. Hii nakubali."